Dakika Tano Kati ya Mlimani na Ziwa

Wadogo zangu wa karakana ya misheni, nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja, kwa hiyo mnaotaka kucheka chekeni sasa, nitasubiri. Kwa miaka tisa nimepiga picha treni ambayo kichwa chake kinaenea kwenye kiganja, nikaipandisha mtandaoni ili watu waione ikishusha makaa ya mawe kutoka Ngaka hadi gati la Lituhi, kwenye reli ambayo kwa ukubwa wake wa kweli haijawahi kulazwa huku kwetu. Wiki ijayo nakwenda kusomea reli yenyewe, ile ya kweli. Meza ya treni sasa ni yenu. Ufunguo wa stoo uko kwa mama. Haya ninayoandika ni yale yasiyokuwamo kwenye karatasi niliyobandika ukutani, ile yenye vipengele arobaini na viwili, ambayo najua hamjaisoma.

Vifaa mnajua vilikotoka. Bruda mmoja mzee, fundi wa misheni, alipokuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia sanduku la mbao lenye vichwa vitatu, mabehewa kumi na nane na reli za kutosha kuzunguka chumba. Nilikuwa nimepiga video ya sherehe ya kumuaga. Kamera nilijifunza mwenyewe, kwa harusi na kipaimara za watu, na kila nilipomaliza harusi nilikesha siku mbili nikimfikiria shangazi niliyemkata kichwa kwenye picha. Treni nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho. Nawaambia hivi ili msije mkadhani nilianza nikijua.

Video yangu ya kwanza iliyopata watazamaji ilikuwa na kosa ambalo sidhani kama lingefanyika nje ya wilaya hizi zetu mbili, ya milimani na ya ziwani. Treni ya kuchezea haina mlio wa maana, inalia kama nzi kwenye chupa. Nikasema nitaitafutia sauti. Nikaenda kusimama kwenye mlima wa barabara ya makaa, nikarekodi injini kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia, nikaipunguza kasi kidogo, nikaiweka chini ya picha. Nilijiona fundi. Asubuhi nikakuta maoni ya mtu anayeandika kwa herufi kubwa tupu:

"KICHWA CHA TRENI HAKINA GIA. HILO NI LORI LA MAKAA LINAPANDA MLIMA. TENA DEREVA WAKE ANAUA KLACHI."

Nikaifuta video. Sikumaliza hata kusoma maoni ya pili. Nilizima simu, nikajifungia stoo, nikamwambia mama nina malaria. Nilipowasha simu siku iliyofuata, mtu yule yule alikuwa ameniandikia tena: "UMEFUTA KWA NINI? NILIKUWA NAWAONYESHA WAJUKUU. TUMECHEKA SANA. IRUDISHE."

Hivyo ndivyo nilivyompata Mzee Osmund. Alikuwa stesheni masta mstaafu, mzaliwa wa Lituhi, aliyetumikia reli mikoa ya mbali ujana wake wote kisha akarudi pwani ya ziwa kulima mihogo na kutazama boti. Nilipoteremka kumwona nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyakariri tangu kwetu Mbinga. Nilimkuta uani anatengeneza kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye klachi?"

Nikamshikia mguu wa kiti, akapigilia msumari.

Tangu siku hiyo alikuwa anapanda Mbinga kila mwezi mara moja, na mfuko wa usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kwa ajili ya mama. Mara ya kwanza alipoingia stoo niliwasha treni kwa mbwembwe, ikatoka Ngaka, ikapita stesheni ya Mlimani, ikashuka hadi gati. Aliitazama kama dakika mbili, kisha akauliza:

"Nani amempa ruhusa?"

"Amempa nani, mzee?"

"Huyu dereva. Ameondoka Ngaka. Nani amemwambia mbele kuko wazi?"

"Mzee, treni ni moja tu."

"Leo," akasema.

Akatoa kwenye koti daftari refu lenye jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula, akaniwekea mezani. Kila treni inaandikwa. Kabla haijaondoka, unaiuliza stesheni ya mbele kama inaipokea. Mbele wakikubali, unaandika saa. Ikiondoka, unaandika saa. Ikifika, wa mbele anakwambia, unaandika saa. Kati ya kuondoka na kufika, treni hiyo ni mzigo wako wewe, hunywi chai. Na kabla ya mteremko, breki zinajaribiwa, behewa moja baada ya jingine hadi la mwisho, hata kama umechelewa na hata kama mkubwa fulani amekaa ndani anatazama saa yake.

Nilimwambia watazamaji watakimbia. Nani atakaa kutazama treni imesimama dakika tatu? Akasema, "Wajaribu." Basi nikaacha treni isimame. Nikaweka mlio wa upepo na wa kuku mmoja wa mbali, na nikamsogeza mtu mdogo wa plastiki, milimita kwa milimita, akikagua mabehewa. Nilijua nimeharibu. Maoni yakaja kwa wingi kuliko siku zote, na mengi yalikuwa ya watu waliokuwa wamefanya kazi reli, au baba zao walifanya. Mmoja aliandika kwamba alisimama sebuleni kwake breki zilipokuwa zinajaribiwa, bila kujua amesimama.

Mpaka leo sijui mtu mwingine aliyeniambia jambo dogo kiasi kile likabadilisha kila kitu. Hakuwahi kunifundisha kupiga picha, maana hata simu yake aliishika kama sahani ya moto. Lakini siku moja nilipokuwa nimepandisha kamera juu kwenye dari, akaniuliza, "Huyo anayetazama ni nani? Tai?" Akaeleza kwamba miaka yake yote aliiona treni akiwa chini, amesimama kando ya reli na bendera mkononi, na paa la behewa hakuwahi kuliona. Ndiyo maana mezani kuna yale mashimo manne mnayoyashangaa. Ni ya kuzamisha simu, lenzi ikae kwenye urefu wa macho ya yule mtu wa plastiki. Ukiiweka juu ya hapo hata kidole kimoja, treni inarudi kuwa mdoli.

Mengine nayasema haraka kabla sijasahau. Taa moja tu, ya dirishani, na shuka jeupe mbele yake. Mkiwasha balbu mbili, kila mti una vivuli viwili, na dunia yenu ina majua mawili. Reli zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kila siku, kwa sababu vumbi la barabarani linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kichwa kinashtuka kama mwenye kwikwi. Kitufe cha mwendo kizungusheni kama mnafungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Treni iliyobeba makaa haikurupuki.

Na msijenge kitu chochote cha huku bila kumwita mtu anayekijua. Mlima ule wa kushoto niliupamba kwa ngolo, yale mashimo ya mraba ya Wamatengo yanayokamata maji ya mvua mlimani. Nilitumia wiki tatu. Niliyapanga kwa rula, kila shimo sawa na jirani yake. Mama akaja kuita watu chakula, akasimama mlangoni.

"Hizi ngolo kachimba nani?"

"Mimi."

"Mtu asiyekula, naona. Zimenyooka kama dawati. Mvua ya kwanza tu, mahindi yote haya yako Lituhi kwa mzee wako anayachemsha."

Akavua viatu, akapanda kwenye stuli, akaanza kuyachimbua kwa kijiko. Mistari lazima ifuate mlima ulivyojipinda. Zile mnazoziona sasa ni zake. Mtu mmoja aliandika kutoka mbali sana kwamba alipoziona alisikia harufu ya shamba la bibi yake. Nilimsomea mama. Akasema, "Mwambie arudi kulima."

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeliandika na kulifuta mara sita.

Kila stesheni mezani ina saa. Ni saa za mkononi za kike, nilizitoa mikanda nikazibandika ukutani mwa vibanda. Wazo lilikuwa la Mzee Osmund; stesheni bila saa, alisema, ni kibanda cha kuuzia karanga. Na chaneli yangu ilikuwa na ahadi moja iliyoandikwa juu ya kila video: bila kukata. Nilitumia simu mbili na nilihama kutoka hii kwenda ile, lakini muda wenyewe sikuugusa. Mkiona dakika ishirini na sita, ni dakika ishirini na sita za kweli. Watu walinipendea hilo.

Mwaka jana niliandaa safari kubwa kuliko zote. Mabehewa kumi, makaa halisi ya Ngaka niliyoyaponda kwa nyundo, treni mbili zinapishana Mlimani. Nilijaribu siku tano, na kila siku kitu kilienda vibaya mwanzoni kabisa: umeme, nzi kwenye lenzi, au kuku wa kweli kuingia stoo. Siku ya sita kila kitu kikaenda. Breki, ruhusa, kupishana, vyote safi. Treni ikaondoka Mlimani kuanza mteremko, na kwenye kona ya nne, nyuma ya migomba, ikaacha njia.

Sikufikiri. Nilinyanyua mabehewa, nikayarudisha relini, nikayasukuma nyuma ya migomba, nikawasha. Ikafika gati salama. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikaondoa kile kipande, nikaunganisha picha ya treni inaingia migombani na picha ya treni inatoka. Hapaonekani mshono. Kile kipande cha kuanguka nikakifuta, nikakifuta tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Juu nikaandika kama kawaida: bila kukata.

Siku ya tatu ukaja ujumbe kutoka kwa mwalimu wa chuo kimoja cha mafunzo ya reli, mbali na hapa. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona mteremko wa treni yenye mzigo umeonyeshwa kwa utaratibu wake wote, na aliomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi wake wanaosomea kuendesha treni za mizigo. Nilimjibu papo hapo. Karibu sana, nikaandika, na vidole gumba viwili. Siku mbili nilitembea Mbinga kama niliyepewa cheo.

Kisha akapanda Mzee Osmund. Alimpa mama usipa wake, akaja stoo, akafungua daftari lake. Alikuwa ameitazama video nyumbani, na kama kawaida yake alikuwa ameiandikisha.

"Mwanangu, hebu nisaidie hesabu. Saa ya Mlimani, treni inaondoka, inasema saa nne na dakika kumi."

"Ndiyo, mzee."

"Saa ya gatini, inafika, inasema saa nne na dakika kumi na tisa. Ni dakika tisa. Lakini mimi nimetazama dakika nne tu." Akaniangalia juu ya miwani. "Hizi dakika tano treni ilikuwa wapi?"

Niliunganisha picha zote nikazisahau saa. Mimi, ninayerudia video nzima kwa sababu ya nzi.

Yeye hakuuliza kwa hasira. Alikuwa ameshikwa na kitu kingine, na swali lake la pili ndilo lililonivunja:

"Kuna aliyeumia?"

"Mzee, ni za plastiki."

"Najua ni za plastiki. Nakuuliza kwa mazoea." Akafunga daftari. "Mimi niliwahi kuwa na treni iliyochelewa dakika tano. Imeondoka kwa mwenzangu, kwangu haifiki, kwenye simu ya njia kimya. Dereva alikuwa amesimama kusubiri ng'ombe wavuke, basi. Lakini mimi katika zile dakika tano nilikuwa nimeshawazika wote watatu waliokuwamo."

Nikamwambia yote. Kona, migomba, mikono yangu, pipa la taka. Nikamwambia na kuhusu mwalimu. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Kwa hiyo kuna vijana mahali wanaambiwa treni iliyofungwa mabehewa namna hii inashuka mteremko huu salama."

"Ndiyo."

"Na haikushuka."

"Haikushuka, mzee."

Nilifungua simu kumwandikia mwalimu. Niliandika utangulizi, nikaandika kuhusu tabia yangu ya kuogopa kosa tangu shule ya msingi, nikafuta, nikaandika upya. Mzee Osmund alisubiri, kisha akasema, "Unamwandikia barua ya uchumba? Andika taarifa. Treni imeacha njia. Wapi. Saa ngapi. Nani alikuwa na dhamana. Tuma." Nikaandika mistari minne, nikatuma. Kisha nikaondoa yale maneno mawili juu ya video, nikaandika chini yake nilichofanya.

Sitawadanganya kwamba watu walinipigia makofi. Mmoja aliandika alijua siku nyingi. Mwingine aliniita mwongo, na nilikubali, maana ndivyo ilivyokuwa. Waliojiondoa walijiondoa. Mimi nilikuwa nasubiri jibu moja tu. Lilikuja mchana huo huo, nikampa Mzee Osmund alisome kwa sauti kwa sababu sikuweza.

"Ahsante kwa taarifa," akasoma. "Nimewasomea wanafunzi. Wanauliza behewa lipi lilitoka kwanza."

Akanirudishia simu.

"Lipi?" akauliza.

"Sijui. Nilifuta."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Mzee Osmund alivua koti. "Basi tuiangushe tena," akasema.

Wadogo zangu, hamuwezi kujua jambo hilo lilikuwa gumu kiasi gani kwangu. Niliweka simu zote mbili kwenye mashimo ya kona ya nne. Nilikata migomba yangu yote ya karatasi, kila mmoja ulikuwa na majani kumi na moja, ili kona ionekane. Nikapeleka treni Mlimani na kuishusha kwa mwendo ule ule. Ikapita salama. Nikapumua, na mzee akanikaripia: "Hatujaja kupita!" Mara ya pili ikaanguka, na nikafumba macho, kwa hiyo sikuona kitu. Mara ya tatu, mama aliyekuja kuchungulia kelele akapiga kelele kutushinda sisi. Mara ya tano kichwa kilitoka, kikagonga ukingo wa meza kikachimba mbao kabla sijakidaka.

"Mnafanya nini humu?" mama akauliza.

"Kazi," Mzee Osmund akajibu bila kugeuka. "Mama, wewe una macho mazuri. Kaa hapa, tazama behewa la nne."

Ni mama aliyeliona kwanza. La nne. Tukaangusha tena: la nne. Mara ya saba, ya nane: mabehewa ya nyuma yanasukuma, la nne linainua magurudumu yake ya ndani kama mtu anayevuka dimbwi, linatoka, na wenzake wanalifuata. Mzee akalinyanyua kwa vidole viwili. Akalipima mkononi. Akanyanyua na la tano, akayapima yote mawili.

"Hili limejaa nini?"

Hapo nikakumbuka. Kwenye picha za karibu, makaa ya behewa hilo yalikuwa yanaonekana kama mavi ya mbuzi. Nilikuwa nimeyamwaga, nikaweka kifuniko cha karatasi ngumu niliyoipaka gundi na kuinyunyizia vumbi la makaa. Kwenye kamera lilikuwa behewa zuri kuliko yote. Ndani palikuwa patupu, nalo jepesi, katikati ya wenzake wazito wanaolisukuma kuteremka.

"Limejaa picha, mzee," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, bila kujua treni ni nini, alicheka kwa sababu yangu. Na mimi, nikiwa nimeshika mabehewa mawili na gundi ya kile kifuniko ikinibandukia vidoleni, nikacheka. Tukaangusha mara nne nyingine ambazo hazikuhitajika.

Video ile niliipandisha kama ilivyo, na sauti zetu, na mama akipiga kelele, na mkono wangu ukiingia kwenye picha. Mwalimu aliwaonyesha wanafunzi wake. Aliniandikia kwamba kigari cha kuchezea hakianguki sawasawa na behewa la tani nyingi, na hilo alilisema darasani, lakini kuhusu behewa tupu katikati ya mzigo hatahitaji tena kuchora ubaoni. Mwishoni akauliza kama nimewahi kufikiria kuomba nafasi chuoni. Mzee Osmund ndiye aliyenijazia fomu, kwa herufi kubwa.

Nimewaachia kila kitu kikiwa safi. Reli nimezifuta, migomba nimetengeneza upya, saa za stesheni zote zinakwenda pamoja. Kuna sehemu moja tu: kwenye kona ya nne, ukingoni mwa meza, mbao imebonyea na rangi imetoka, mahali kichwa kilipogonga. Nimechukua brashi mara tatu wiki hii na mara tatu nimeirudisha kwenye kopo. Inaonekana kwenye picha, ukipiga kutoka shimo la pili. Msiipake rangi.